Mwenzi wa Timu ni Kipimo, si Hakimu



Jumapili moja ya muhula huu, baada ya kutazama mashindano ya magari ya Formula One katika televisheni ya bwaloni, palizuka ubishi mkubwa katika bweni letu. Mwenzetu mmoja alisimama juu ya kitanda chake akatangaza kwamba Sebastian Vettel wa Ujerumani, aliyekuwa bingwa wa dunia mara 4 mfululizo tangu mwaka 2010 hata 2013, hakuwa dereva wa ajabu hata kidogo. Ubingwa ule ulikuwa wa gari. Alipoulizwa ushahidi wake, alijibu upesi: "Mwaka 2014 timu ya Red Bull ilimpa mwenzi mpya, Daniel Ricciardo wa Australia. Gari moja, kiwanda kimoja, mafundi wa timu moja. Ricciardo alishinda mashindano 3, Vettel hakushinda hata moja. Pointi 238 kwa 167. Kesi imekwisha."

Nusu ya bweni walipiga makofi. Kiranja alipoamuru taa zizimwe, ubishi uliendelea gizani mpaka mwalimu wa zamu alipogonga dirisha. Mimi sikupiga makofi, wala sikupinga. Maneno yale "gari moja, kiwanda kimoja" yalinikumbusha jambo la nyumbani kwetu ambalo nitalieleza mwishoni. Lakini tangu usiku ule nimelifikiri sana swali hili, na sasa naomba nafasi katika gazeti letu niseme nionavyo.

Kwanza, yafaa tukubali kwamba hoja ya mwenzetu ina nguvu. Katika mbio za miguu kila mtu hukimbia kwa miguu yake mwenyewe, na anayefika kwanza ndiye hodari. Mashindano ya magari sivyo yalivyo. Dereva hupewa gari na timu yake, na magari ya timu mbalimbali hayalingani. Mwaka 2023 timu ya Red Bull ilishinda mashindano 21 katika 22. Je, madereva wote wengine wa dunia walikuwa wazembe mwaka ule? Hasha. Walikuwa na magari mabaya zaidi. Basi mtu akitaka kumtenga dereva na gari lake, amtazame nani? Jibu ni jepesi. Kila timu huingiza magari mawili na madereva wawili. Dereva wa timu nyingine aweza kujitetea kwamba gari lake halina mbio, lakini mwenzi wa timu hana udhuru huo. Ndiyo maana wenye kazi hiyo husema kwamba mtu wa kwanza unayepaswa kumshinda ni mwenzi wako.

Kwa hiyo sipingi kipimo chenyewe. Ninalopinga ni kukifanya kipimo kuwa hakimu. Naona kabla ya kutoa hukumu hatuna budi kuuliza maswali manne, na mengi ya makosa yetu bwenini hutoka kwa kutouliza hata moja.

Swali la kwanza ni hili: tunapima nini? Tuchukue mwaka 1988, ambao watu wengi huutaja. Timu ya McLaren ilikuwa na fahali wawili katika zizi moja: Alain Prost wa Ufaransa, ambaye alikwisha kuwa bingwa mara 2, na Ayrton Senna wa Brazil. Kati ya mashindano 16 ya mwaka ule, wao wawili walishinda 15. Hapana mwaka unaofaa zaidi kwa kulinganisha watu wawili, maana wengine walikuwa mbali nyuma. Basi nani alikuwa bora?

Ukitazama ushindi, ni Senna: 8 kwa 7. Ukitazama siku ya kupanga nafasi za kuanzia, wakati kila dereva anapojaribu kuzunguka mara moja kwa kasi yake yote, ni Senna tena, tena kwa mbali: alipata nafasi ya mbele kabisa mara 13, na Prost mara 2. Lakini ukijumlisha pointi zote walizopata mwaka mzima, ni Prost: 105 kwa 94. Prost alishinda mara 7 na kushika nafasi ya pili mara 7. Mashindano ambayo hakumaliza ni mawili tu. Hata hivyo ubingwa alipewa Senna, kwa sababu sheria ya wakati ule ilihesabu matokeo 11 tu yaliyo bora ya kila dereva. Prost alifutiwa nafasi za pili 3, akabaki na 87. Senna akabaki na 90.

Angalieni jambo hili, ndugu wasomaji. Watu ni wale wale, magari ni yale yale, mwaka ni ule ule, lakini majibu ni mawili. Anayesema Senna alikuwa bora anapima kasi. Anayesema Prost alikuwa bora anapima mtu asiyekosea na anayefika kila mara. Wote wawili wana haki, ila kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli na kudhani ndicho kizima.

Prost huyo huyo alikwisha kuonja jambo hili miaka 4 kabla. Mwaka 1984 mwenzi wake alikuwa Niki Lauda wa Austria, mtu mzima aliyekwisha kuacha mashindano kisha akarudi. Prost alikuwa na kasi zaidi, akashinda mashindano 7 na Lauda 5. Lakini bingwa alikuwa Lauda, kwa pointi 72 kwa 71.5. Nusu pointi! Tena nusu hiyo ilitoka wapi? Shindano la Monaco lilisimamishwa kwa sababu ya mvua kubwa kabla halijafika nusu ya safari, na Prost aliyekuwa akiongoza alipewa pointi 4.5 badala ya 9. Kama shindano lingaliendelea mpaka mwisho naye akashika nafasi ya pili tu, angalipata 6, na ubingwa ungalikuwa wake. Hapo nani atathubutu kusema kwamba nusu pointi ile yaonyesha nani dereva bora?

Swali la pili: je, wenzi hao walikuwa huru kushindana? Gari moja si kitu kama mmoja ameamriwa kukaa nyuma. Mwaka 2002 huko Austria, Rubens Barrichello wa timu ya Ferrari aliongoza karibu shindano zima. Karibu na mwisho aliamriwa ampishe mwenzi wake, Michael Schumacher, ili huyu azidi kuongeza pointi za ubingwa. Barrichello alitii hatua chache tu kabla ya mstari wa mwisho, mbele ya macho ya watu wote. Watazamaji walizomea. Schumacher mwenyewe aliona haya, akampandisha mwenzake kwenye kipandio cha juu ambacho ni cha mshindi. Lakini ukifungua kitabu cha kumbukumbu leo, utaona imeandikwa kwamba mshindi ni Schumacher. Mtu atakayehesabu ushindi wa wenzi hao wawili bila kujua habari hii atakuwa amehesabu amri ya wakubwa kana kwamba ni ustadi wa dereva.

Tena si amri tu. Mara nyingine ni moyo. Mwaka 1956, katika shindano la mwisho la mwaka huko Monza nchini Italia, kijana Mwingereza Peter Collins wa Ferrari alikuwa bado ana nafasi ya kuwa bingwa wa dunia. Mwenzi wake mkubwa, Juan Manuel Fangio wa Argentina, gari lake lilikuwa limeharibika. Sheria za siku zile ziliruhusu madereva kubadilishana gari. Collins aliposimama ili mipira ya gari lake ikaguliwe, alishuka akampa Fangio gari. Fangio alimaliza wa pili akawa bingwa. Collins alikuwa na miaka 24, na alidhani siku zake zingali mbele. Alikufa katika shindano la Ujerumani mwaka 1958, bila ya kupata ubingwa hata mara moja. Kwa hesabu za pointi, Collins ni mtu aliyeshindwa na mwenzi wake. Kutoa ni moyo, lakini kutoa huko hakumo katika hesabu.

Swali la tatu: bahati iligawanywaje? Magari mawili ya kiwanda kimoja hayaharibiki siku moja. Tangu 2010 hata 2012 Lewis Hamilton na Jenson Button, wote Waingereza na wote mabingwa, walikuwa pamoja katika McLaren. Kwa miaka hiyo 3 Button alipata pointi 672 na Hamilton 657. Atakayesoma hesabu hiyo peke yake atasema Button alikuwa mbele. Lakini Hamilton alishinda mashindano 10 na Button 8. Tena mwaka 2012 gari la Hamilton lilimfia akiwa anaongoza, huko Singapore na tena huko Abu Dhabi. Siwezi kusema kwamba Button hakustahili; mwaka 2011 alimshinda Hamilton waziwazi, 270 kwa 227. Nasema tu kwamba pointi 15 katika miaka 3 ni kitu kidogo mno, maana kifaa kimoja kikikatika ndani ya gari chaweza kuzila zote na kuzidi.

Swali la nne, ambalo naliona kubwa kuliko yote: mwenzi mwenyewe ni nani, na alikuwa katika hali gani? Kumshinda mtu hakukuambii urefu wako. Kunakuambia tu kwamba umemzidi yule uliyesimama naye. Mwaka 2019 timu ya Williams ilikuwa ya mwisho kabisa. Kijana George Russell alimshinda mwenzi wake, Robert Kubica wa Poland, katika siku zote 21 za kupanga nafasi. Je, tuseme Kubica hakujua kuendesha? Kubica ni yule aliyeshinda huko Canada mwaka 2008. Mwaka 2011 alipata ajali mbaya sana katika mashindano ya barabarani huko Italia, mkono wake wa kulia ukaumia vibaya, akarudi Formula One baada ya miaka 8. Na jambo la kushangaza ni kwamba pointi moja tu ambayo timu ile ilipata mwaka mzima aliipata Kubica, siku ya mvua huko Ujerumani, baada ya madereva wawili wa timu nyingine kuadhibiwa. Siku 21 kwa sufuri, na pointi 1 kwa sufuri. Mwenye haraka achague anayoipenda!

Mwaka huo huo Pierre Gasly wa Ufaransa aliwekwa katika Red Bull pamoja na Max Verstappen wa Uholanzi. Baada ya mashindano 12 Verstappen alikuwa na pointi 181 na Gasly 63. Gasly aliondolewa akarudishwa timu ndogo aliyotoka. Magazeti yalimwandika kama mtu aliyekwisha. Mwezi wa Septemba 2020, akiwa na timu ile ndogo, alishinda shindano la Italia huko Monza. Mtu hawi mjinga kwa kuwekwa kando ya Verstappen. Sergio Perez wa Mexico alipata pointi 285 mwaka 2023 na Verstappen 575, watu wakamcheka. Lakini kwa pointi hizo alikuwa wa pili katika dunia nzima.

Sasa nirudi kwa mwenzetu wa juu ya kitanda. Yeye alisema Ricciardo alimshinda Vettel, na ni kweli. Lakini mwaka 2021 Ricciardo alikwenda McLaren, na huko alishindwa na kijana Lando Norris, pointi 160 kwa 115. Mwaka wa pili akashindwa vibaya zaidi, 122 kwa 37. Kwa hesabu ya mwenzetu, basi Norris wa mwaka ule alikuwa mbali sana mbele ya bingwa wa mara 4, ingawa alikuwa bado hajashinda hata shindano moja. Lakini katika mwaka ule wa 2021 McLaren ilishinda mara moja tu, na aliyeshinda ni Ricciardo! Hoja ya "huyu kamshinda yule, yule kamshinda huyu" ni kama kupima mbao kwa kamba inayovutika: kila ukiisogeza mbele, kosa linakua. Watu hubadilika. Gari moja hufuata tabia ya dereva mmoja, jingine humkataa. Vettel mwenyewe alipokwenda Ferrari mwaka 2015 alishinda mashindano 3, na kwa miaka 4 mfululizo alimpita mwenzi wake Kimi Räikkönen, ambaye naye alikuwa bingwa mwaka 2007. Mwaka 2014 ulisema kweli juu ya mwaka 2014, wala haukuwa na ruhusa ya kusema juu ya maisha yake yote.

Najua wako watakaoniuliza: "Basi wewe wataka tusilinganishe kabisa?" Sivyo. Asiyelinganisha hajui kitu. Nataka tulinganishe kwa muda mrefu, kwa wenzi wengi, na kwa gari zaidi ya moja. Fangio alikuwa bingwa mara 5 kwa magari ya viwanda 4: Alfa Romeo, Maserati, Mercedes na Ferrari. Huyo haiwezekani kusema ni gari. Hapa Afrika Mashariki, Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Gari lilibadilika, miaka ilipita, mtu alibaki yule yule. Ushahidi wa namna hiyo nauamini kuliko msimu mmoja na mwenzi mmoja.

Nimeahidi kueleza kwa nini maneno ya bwenini yalinigusa. Mimi na ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, tuliingia Kidato cha Kwanza hapa siku moja. Mwisho wa mwaka mimi nilikuwa wa 3 darasani, yeye wa 41. Baba mkubwa aliziweka ripoti zetu mbili juu ya meza, akamwambia mwanawe mbele ya nyumba nzima: "Shule moja, mwalimu mmoja, kitabu kimoja. Una udhuru gani?" Ndugu yangu aliinama, hakujibu. Mimi nilinyamaza pia, na nikafurahi kidogo moyoni. Leo naona haya kuliandika hilo.

Maana nilijua jambo ambalo ripoti haikulijua. Mimi nilikuwa nalala bweni, nina taa ya umeme mpaka saa nne usiku. Yeye alikuwa mwanafunzi wa kutwa, akitembea mwendo wa saa moja na nusu asubuhi na vivyo hivyo jioni, na akifika nyumbani yuko ng'ombe anayemngoja. Kitabu kilikuwa kimoja kwa jina tu. Mwaka jana alipata nafasi ya bweni. Muhula uliopita alikuwa wa 6 na mimi wa 5, na katika Hesabu amenipita kwa alama 11. Hakuwa mtu mpya. Alipewa gari lililo sawa na langu.

Baba mkubwa ni mtu wa haki, naye sikumlaumu. Hakukosea kulinganisha; alikosea kwa kutouliza. Basi naomba mambo matatu. Wenzangu wa bwenini, tukibishana juu ya madereva, tuanze kwa kutaja tunapima nini. Waheshimiwa walimu, mnapoandika nafasi ya mwanafunzi katika ripoti, ikiwezekana andikeni na neno moja juu ya njia aliyopitia. Nanyi wazazi wetu, ripoti zitakapofika mwezi ujao, kabla hamjauliza mtoto wa jirani kawa wa ngapi, mwulizeni mtoto wenu anaendesha gari gani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne